Matundu Sitini na Mawili

Mtu akitaka kunikasirisha, atoboe boti yake tundu la skrubu, asilizibe, kisha aniletee baada ya miaka mitano aniulize kwa nini imeoza. Hapo nitapayuka mpaka ndege wahame. Ndivyo nilivyo, na watu wote wa kijiji chetu cha Bayou Perdrix wanalijua hilo, na bado wananiletea maboti yao kwa sababu kutoka hapa hadi baharini hakuna anayeijua faiba ya maboti kama mimi.

Basi Mama Lalie alipoivuta boti yake Tante Rose hadi kwenye banda langu Novemba ile, nilianza kupayuka kabla hajazima gari.

“Mama, nilikwambia! Miaka mitatu nakwambia tezi ya boti hii imekwisha!”

“Na mimi nakwambia habari za asubuhi,” alinijibu akishuka. “Umeshakunywa kahawa, au hasira zimekutosha?”

Jina lake kamili ni Eulalie Chiasson. Ana miaka sitini na minane, ni mjane, na amevua kaa tangu kabla sijazaliwa. Ni mama yangu wa ubatizo. Mama mzazi alinifia nikiwa na miaka minane, na baba alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko baharini, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Kwa hiyo sahani yangu ilikuwa mezani kwa Mama Lalie, kitanda changu kilikuwa chumba kimoja na cha mwanawe Kerwin, na grainda yangu ya kwanza aliinunua yeye kwa jasho la madema yake. Nikisema namshukuru, nasema kitu kidogo kuliko kilivyo.

Kilichomleta bandani ni mambo ya Oktoba. Alikuwa akitega madema karibu na mlango wa bahari, mashine ikiwa imezimwa, meli kubwa ya kuvua kamba ikapita nyuma yake kwa kasi. Sasa, boti za umri wa Tante Rose zilikatwa pengo katikati ya ubao wa tezi, ule ukuta wa nyuma wa boti, ili mashine ikae chini na propela ifike majini. Pengo lile ni mlango usiofungwa. Wimbi likija kwa nyuma, halibishi hodi. Lilimjia lile la kwanza likamfika magotini, la pili likazima matumaini yote, na la tatu akalipokea akiwa amekaa juu ya paa dogo la usukani, boti imezama hadi kingoni, ndoo mkononi. Ndugu wawili waliokuwa wakivuna chaza ndio waliomwokota.

Kerwin akaja mbio kutoka mjini Baton Rouge. Huyu Kerwin anafanya kazi kwenye kiwanda cha kemikali, ni mkaguzi wa usalama, na hata ngazi ya kanisani huipanda akiwa ameshika vishikio vyote viwili. Alisimama jikoni kwa mama yake akasema maneno yaliyonikata maini.

“Mama, imetosha. Chumba chako kipo tayari, kina zulia, kina televisheni. Boti tuuze.”

“Televisheni inavua kaa?” akauliza Mama Lalie.

“Sitanii. Nilipigiwa simu nikaambiwa mama yako ameokotwa majini kama ubao. Unajua nilivyoendesha gari siku ile?”

Mama Lalie alijua. Mwishowe wakakubaliana hivi: Gervis, yaani mimi, nitaitengeneza tezi. Februari uvuvi wa kaa hufungwa kwa muda, kama kila mwaka. Jumamosi kabla haujafunguliwa, Kerwin atakuja kuikagua mwenyewe majini. Akiridhika, mama yake anabaki. Asiporidhika, boti inauzwa na mama anahamia Baton Rouge, bila kelele. Mama Lalie akampa mkono. Na akimpa mtu mkono, hata Padri hawezi kumfungua.

Nilirudi nyumbani usingizi umenipaa. Bayou Perdrix bila Mama Lalie! Nani angenifokea mimi?

*

Mpango wangu ulikuwa rahisi kuusema. Pengo tutaliziba, ubao wa tezi uwe mrefu sawasawa kutoka ubavu hadi ubavu, na mashine tutaitoa nje kabisa, ikae kwenye breketi ya alumini iliyofungwa nyuma ya boti, futi mbili na nusu kutoka kwenye ubao. Wimbi likija, likutane na ukuta.

Kerwin alinipigia simu siku niliyomtumia mchoro.

“Hebu nielewe. Mashine ya uzito wa watu watatu wazima, unaichukua kutoka ndani ya boti, unaining'iniza nje, halafu unaniambia ndiyo salama?”

“Ndiyo.”

“Si itaung'oa huo ubao?”

“Ubao mbovu itaung'oa. Ndiyo maana naweka mpya wote, na mihimili miwili ya kuushikilia hadi kwenye sakafu. Ingekuwa kubandika breketi juu ya mbao zilizooza, hata kuku wangeweza.”

“Sawa,” akasema, kwa ile sauti yake ya kuandika kitu kwenye karatasi.

Niliondoa mashine, nikaingia ndani ya boti na grainda, nikakata ngozi ya faiba ya upande wa ndani. Mama Lalie alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa mlangoni mwa banda, akirekebisha kamba za madema, kahawa pembeni. Ngozi ilipotoka, harufu ikatoka nayo, harufu ya majani yaliyolala kwenye maji ya mtaro. Plaiwudi iliyokuwa ndani niliizoa kwa kijiko. Si patasi, kijiko!

Nilidhani maji yameingilia kwenye matundu ya bolti za mashine, kwa kuwa mara nyingi huingilia hapo. Nikachunguza. Kavu kabisa, maana bolti zile nilizifunga na kuziziba mwenyewe. Ila kulia na kushoto, kuanzia karibu na usawa wa maji kwenda juu, nikaona michirizi myeusi ya uozo imeanzia kwenye vitundu vidogo vidogo, viwili viwili, safu kwa safu. Nikavihesabu. Sitini na viwili.

Basi nikalipuka.

“Mama Lalie! Njoo uone! Njoo uone kazi ya punguani!”

“Naona vizuri nikiwa hapa hapa.”

“Matundu sitini na mawili! Hakuna hata moja lililozibwa! Hata tone la gundi! Mtu gani huyu? Alikuwa amelewa? Alikuwa kipofu? Mtu kama huyu hapaswi kupewa hata kijiti cha kuchokolea meno!”

“Eeh,” akasema, akikaza fundo.

“Ningempata leo, ningemkokota kwa masikio mpaka mtoni. Sitini na mawili, Mama! Mtu anarudi, anatoboa, anaondoka. Anarudi, anatoboa, anaondoka! Alikuwa analipwa kwa tundu?”

“Hapana, alikuwa anapewa keki.”

Nikamtazama. Alikuwa bado anashughulika na kamba yake, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka.

“Hebu zunguka nje uiangalie tezi, mwanangu,” akasema. “Polepole tu. Usije ukampata.”

Nikashuka, nikazunguka. Pale nje, kulia na kushoto, vilikuwa vinameremeta vibati vya shaba, kila kimoja na Bikira Maria wake na mwaka wake. Thelathini na kimoja. Kila kibati skrubu mbili.

Kwetu Bayou Perdrix, kila mwaka siku ya baraka ya maboti, Padri hupita na chombo cha maji ya baraka akiinyunyizia kila boti, na parokia hugawa kibati. Kibati hupigwa kwenye tezi papo hapo, kabla maji ya baraka hayajakauka, na anayekipiga ni mtoto wa ubatizo wa mwenye boti. Anakuwa amevaa shati jeupe la Jumapili. Anapewa dreli ya kuzungusha kwa mkono na bisibisi, basi. Hakuna anayebeba gundi kwenye sherehe ya kanisa. Siku ile si siku ya kazi, na kupiga kibati si kazi, ni sala. Nimekuwa nikikipiga tangu nina miaka tisa, Tante Rose ikiwa mpya kabisa. Nimeshakuwa fundi, nimeshaanza kuwafokea watu kwa kutoziba matundu, na bado kila mwaka nikivaa shati jeupe ninatoboa tezi ya boti ya mama yangu, napiga kibati, nakula keki, naenda zangu. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba lile nalo ni tundu. Maji ya kwanza kuingia kwenye mbao zile yalikuwa maji ya baraka, na aliyeyafungulia njia ni mimi.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la faiba.

Mama Lalie alikuwa amekwisha kushindwa kujizuia. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ile kamba chafu. “Punguani!” akasema. “Kipofu! Haya, mpeleke mtoni sasa!”

“Ulijua?”

“Nilijua tangu ulipofika kwenye kijiti cha meno. Kabla ya hapo nilikuwa nahesabu na mimi.”

“Mama, nusura nikuzamishe. Ubao ulikuwa uji. Ungekatika siku yoyote na mashine ikaenda nao.”

“Lakini haukukatika,” akasema. “Inuka. Utapata baridi.”

Sikuinuka haraka. Aibu ina uzito wake.

*

Mchana ule ule Kerwin akapiga simu kwa mama yake, naye akaiweka juu ya pipa ili sote tusikie.

“Mmefungua? Imekuwaje?”

“Imeoza,” nikasema.

“Kwa sababu gani? Nataka kujua sababu. Bila sababu, itaoza tena.”

Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Mama Lalie akaingilia.

“Ni mimi na marehemu baba yako. Tulikuwa tunapiga vibati vya baraka bila kuziba matundu. Wazee wajinga, basi.”

Kerwin akarudia polepole.

“Wewe na Baba?”

“Mimi na baba yako.”

“Haya,” akasema Kerwin. “Na fundi ni Gervis?”

“Kuna mwingine?”

“Haya, Mama. Tutaonana Februari.”

Simu ilipokatika nilimgeukia. “Kwa nini umesema vile?”

“Kwa sababu yule mtoto wangu anaamini karatasi kuliko watu. Akisikia aliyeuozesha ubao ndiye anayening'iniza mashine nje, ataniwekea masanduku kwenye gari leo leo.” Akachukua kamba yake. “Na sitaki kwenda, Gervis. Sitaki. Nitakufa na lile zulia.”

Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo waziwazi. Nilishukuru kwamba amenificha, na nikachukia kwamba nimeshukuru. Hayo mawili yalikaa ndani yangu miezi yote ile, hayapatani.

Kazi niliifanya kama mtu anayelipa kitu. Niling'oa uozo wote mpaka faiba ikawa safi na kavu. Nikakata plaiwudi ya baharini vipande vitatu, nikavigandisha kimoja juu ya kingine kwa gundi ya epoksi, nikaviminya usiku na mchana. Pengo likafungwa. Kila mahali nikalaza tabaka za faiba, zikipanda kwenye mbavu za boti pande zote mbili. Mihimili miwili ya pembe tatu ikashuka kutoka kwenye ubao hadi chini. Januari baridi ikaingia na gundi ikakataa kukauka, Mama Lalie akaniletea zile taa nyekundu anazolelea vifaranga, akazitundika nne nyuma ya boti.

“Vikianguliwa vifaranga, niite,” akasema.

Breketi niliichomelea mwenyewe. Ni sanduku la alumini lililofungwa kila upande, lisiloingia tone, ili nalo liisaidie boti kuelea badala ya kuivuta chini. Bolti zake kumi. Kila tundu la bolti nililitoboa kubwa kuliko inavyotakiwa, nikalijaza gundi nzito hadi juu, nikangoja siku mbili ikawa ngumu kama jino, ndipo nikatoboa tundu lenyewe katikati ya gundi ile. Hata maji yakipita kando ya bolti, hayatazigusa mbao milele. Mama Lalie aliniona nikichungulia kila tundu kwa tochi, tundu la nane kwa mara ya tatu.

“Unatafuta nini humo? Keki?”

“Mama, tafadhali.”

“Nauliza tu.”

Vibati vyenyewe nilivisugua nikamkabidhi kwenye bahasha. Alivitia kwenye droo ya jikoni, penye betri kuukuu na mishumaa, wala hatukuvizungumzia tena.

*

Jumamosi ya ukaguzi kulikuwa na jua na baridi, maji yametulia. Kerwin alishuka kwenye gari na viatu vya kazini vyenye ncha za chuma, daftari kwapani. Akanipa mkono, akaipiga tezi kwa nyundo yangu kutoka ubavu hadi ubavu, akisikiliza. Ilijibu kwa sauti moja mwanzo hadi mwisho. Akaiminya breketi, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote kama mtoto. Haikutikisika.

“Twende,” akasema.

Mama Lalie alikuwa amekwisha kupakia madema yake ishirini, yaliyolowa, yenye matope, ili mtihani uwe wa kweli. Alikuwa ameyapanga pale anapoyapanga miaka yote: nyuma kabisa, yakiegemea tezi. Tulipoacha gati nilihisi kitu hakipo sawa chini ya miguu. Boti ilikuwa imeketi, pua juu, tako chini, na kupitia yale matundu mawili ya kutolea maji ya sitaha, maji yalikuwa yanaingia badala ya kutoka.

Kerwin aliangalia viatu vyake. “Naona maji,” akasema.

“Mama!” nikapiga kelele. “Madema gani hayo ya kupanga nyuma! Mashine iko nje sasa, uzito umehama!”

“Nimeyapanga pale yanapokaa!”

“Yalipokuwa yanakaa!”

“Basi ungeniambia! Mimi nina macho ya kuona ndani ya kichwa chako?”

Alikuwa na haki. Kila mvuvi wa hapa hurundika madema nyuma, mimi nimekua nikiliona hilo, na nilikuwa nimekokotoa kila kitu isipokuwa mazoea ya mama yangu. Kerwin alikuwa ameshafungua daftari. Niliona kalamu ikishuka kwenye karatasi, na moyo wangu ukashuka nayo.

“Nipe dakika kumi,” nikasema. “Ni kosa langu. Nilipaswa kumwambia, na betri nilipaswa kuzipeleka mbele tangu juzi.”

Kerwin alifunga daftari, akavua koti, akashika dema. Tukayahamisha sote watatu, moja moja, hadi mbele ya usukani. Betri mbili nikazifungua nikazibeba hadi puani, nikaziunga kwa nyaya ndefu nilizokuwa nazo. Tante Rose ikanyanyuka tako, matundu yakatema maji yote, sitaha ikabaki inakauka juani.

“Sasa nipeni nafasi,” akasema Mama Lalie, akakamata usukani.

Alitupeleka hadi kule kule kwenye mlango wa bahari. Sikumwambia aende kule, wala Kerwin hakumwambia. Tulingoja hadi boti ya tagi iliyokuwa ikisukuma matishari ya mizigo ikapita, na nyuma yake mawimbi makubwa, manene, yakaja kwa safu. Mama Lalie aliigeuza tezi iyatazame, kisha akazima mashine.

“Mama, unafanya nini?” Kerwin akauliza, sauti imempanda.

“Nafanya kilekile nilichokuwa nafanya Oktoba. Shika kamba.”

La kwanza likaja. Niliona rangi yake, kahawia kama chai, likiinuka nyuma ya mashine. Likaigonga tezi kwa kishindo, likapasuka kulia na kushoto, likapita. Ndani hakuingia hata kikombe. La pili hivyohivyo. La tatu lilituinua sote tukayumba, povu likaruka na kumlowesha Kerwin kofia, basi. Mama Lalie alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka, huku anacheka.

Kerwin alivua kofia, akaikamua.

“Nimeridhika na boti,” akasema.

Mama Lalie akapiga ishara ya msalaba.

“Bado kitu kimoja.” Akanigeukia mimi. “Kwenye ripoti yangu kuna sehemu ya sababu. Mama aliniambia yeye na Baba ndio waliotoboa vibati. Gervis, wewe ndiye fundi. Niandike hivyo?”

Mama Lalie alinitazama kwa macho makali, macho yaleyale aliyokuwa akinitazama nayo kanisani nikitaka kucheka. Ningesema ndiyo tu, neno moja, na mambo yangekwisha. Boti ilikuwa imefaulu. Yeye angebaki. Nilimwazia mumewe, marehemu Bwana Wiltz, kule makaburini, akibebeshwa matundu yangu sitini na mawili, na mjane wake akibebeshwa ujinga nisiothubutu kuukiri.

“Usiandike hivyo,” nikasema. “Ni mimi. Yote sitini na mawili. Miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka ishirini ya mwisho nilikuwa fundi kamili na nilipaswa kujua. Mama alisema vile ili uniamini. Kama huniamini sasa, nakuelewa. Lakini kuhusu ubao huu sikudanganyi, na breketi hii sikudanganyi.”

“Gervis!” akafoka Mama Lalie. “Mdomo wako huo!”

Kerwin hakuandika kitu. Alikuwa ananitazama na uso wake umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipokuwa tukilala chumba kimoja.

“Najua ni wewe,” akasema. “Nani alikuwa anakupa skrubu? Si mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kopo, kila mwaka, nakuonea wivu?” Akamgeukia mama yake. “Na wewe, Mama! Ukiamua kudanganya, danganya kitu cha maana. Baba? Baba na bisibisi? Baba alikuwa anamwita jirani kubadilisha balbu!”

Mama Lalie akamkazia macho.

“Mwanangu, ulijua tangu Novemba?”

“Tangu Novemba. Nikasema ngoja. Kule kiwandani, Mama, bomba likipasuka sihangaiki sana na bomba. Bomba linabadilishwa. Namtafuta mtu anayesema, mimi ndiye niliyeacha valvu wazi. Nikimpata huyo nalala usingizi. Nisipompata, nafunga kiwanda.” Akaipiga tezi kwa kiganja. “Gervis angenyamaza leo, ungelala Baton Rouge.”

Mama Lalie akamvuta kwa kola iliyolowa, akambusu kipajini, akanivuta na mimi, vichwa vyetu vikagongana, kwa nguvu, tukaumia kweli.

“Asante Mungu,” akasema. “Asante Mungu kwa wapumbavu wangu wawili. Sasa rudini mbele, mnaniharibia mizani.”

*

Uvuvi ulifunguliwa Jumanne. Mama Lalie aliondoka gatini alfajiri peke yake, madema mbele, mashine inanguruma kule nje kwenye breketi yake. Nilisimama nikimwangalia mpaka alipokata kona, kisha nikaenda bandani kujifanya nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa namwomba Mungu, na namshukuru kabla hajajibu.

Alirudi adhuhuri amejaza makreti. Kwenye gati la mnunuzi walikuwa wamesimama wavuvi karibu kumi, na kila mmoja alikuwa ameinama kuitazama ile tezi mpya, nyeupe, nzima kutoka ubavu hadi ubavu. Mimi nilikuwa nakuja na toroli kumsaidia kubeba.

“Mama Lalie,” mmoja akauliza, “hii kazi safi hivi ni ya nani? Umempeleka fundi wa mjini?”

Aliniona nakuja. Alingoja nifike karibu kabisa, ili nisikose neno, na akajibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili.

“Wa mjini wapi! Ni yule yule aliyeiozesha!”

Gati zima likageuka kunitazama. Miezi mitatu iliyopita ningetamani maji yanimeze. Siku ile nilicheka mpaka nikaliachia toroli, na yeye akanirushia kamba ya Tante Rose nimfungie.